Saa Imetiwa Betri Mpya na Bado Haiendi: Kabla Hujaambiwa Mashine Imekufa

Umetoka kwa fundi saa imetiwa betri mpya, kufika nyumbani akrabu zimesimama palepale. Ukirudi unaambiwa mashine imekufa, itiwe nyingine. Huenda ni kweli, lakini si kila mara, na kwa saa aliyokuachia marehemu baba, kung'olewa mashine si jambo dogo.

Anza na la aibu: kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira kimerudi ndani? Kikiwa kimevutwa, saa husimama makusudi. Kisukume mpaka kishike.

Kisha betri yenyewe. Saa nyingi za mkononi zimeundiwa betri ya oksidi ya fedha, volti 1.55, ambayo namba yake huanza na SR. Zile za rahisi zinazouzwa kwa kadi nyingi ni LR, za alkali. Umbo ni moja: SR626SW, iitwayo pia 377, na LR626 au AG4 zote zina upana wa milimita 6.8 na unene wa 2.6. Ya alkali itaingia na pengine itaendesha saa, ila nguvu yake hushuka kidogo kidogo na huvuja upesi. Mwombe fundi aipime kwa mita mbele yako. SR mpya ikisoma chini ya 1.5, ilikaa dukani mno. Akrabu ya sekunde ikiruka mbili mbili au nne nne, katika saa nyingi hiyo ni ishara ya betri dhaifu.

Mfuniko ukiwa wazi, tazama upande wa + wa betri. Kwa kawaida huelekea juu. Tazama na vibati vinavyoigusa. Huku kwetu Pwani jasho na hewa ya chumvi havina huruma, vibati huota ukoga wa kijani umeme usipite. Ukwanguliwe taratibu kwa kijiti cha meno, pafutwe kwa spiriti. Kibati kilicholala kiinuliwe kidogo tu.

Sasa lile wasilolijua wengi. Katika baadhi ya saa, hasa za Seiko zenye akrabu ndogo za kupimia muda, sakiti hupotewa betri inapotolewa. Karibu na betri pameandikwa AC. Hapo huunganishwa na upande wa + wa betri kwa kibano cha chuma, sekunde 2 hivi, kisha saa huamka. Yangu ilishahukumiwa kifo na fundi mmoja. Mwenzake akaifufua hivyo mimi nimesimama kando, hata kiti sijapewa.

La kuogopa ni koili, uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Bisibisi ikiteleza mara moja, umekatika. Mita ikionyesha umeme haupiti kwenye koili, basi maneno ya fundi ni ya kweli. Lakini akrabu ya sekunde ikitikisika pasipo kusogea, ujue umeme unafika. Kinachozuia mara nyingi ni mafuta yaliyoganda au uchafu katika magurudumu, na dawa yake ni kusafishwa.

Kabla mfuniko haujafungwa, hakikisha ule mpira wa kuzuia maji umerudi mahali pake, haukukatika wala kukunjika. Ukiwa umekauka, ubadilishwe siku hiyohiyo.