Jina la Kazi, Jina la Chuma

Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926, na katika muongo huohuo njia kuu ya Uganda ikapita Bungoma kuelekea Malaba. Pamoja na reli zilikuja lori, trekta na injini za vinu vya posho, kwa kuwa walowezi wa Trans Nzoia, wengi wao wanajeshi wa Uingereza waliogawiwa mashamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na mahindi ya kufikisha stesheni. Kila mashine ilikuja na majina yake. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, fundi mkuu mara nyingi alikuwa Mhindi, na kijana aliyelala chini ya gari akipokea spana alikuwa Mbukusu, Mtachoni au Msabaoti. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na kilikuwa Kiswahili cha kuagizana kazi. Majina yalipokewa kwa sikio, kifaa kikiwa mkononi, na aliyeyapokea akawa fundi naye akawapa spanaboi wake vilevile alivyoyasikia. Ndiyo maana mtu aliyesomea ufundi chuoni, akisikiliza maongezi ya gereji au ya vijana wapenda magari, huona makosa kila upande. Hoja yangu ni kwamba makosa hayo si ya aina moja. Jina linalotaja kazi ya kifaa laweza kudumu miaka mingi bila kumdhuru mtu, hata kifaa chenyewe kikigeuka kabisa ndani. Jina linalotaja kifaa kimeundwa kwa nini, au kina umbo gani, hugeuka kuwa uongo siku kiwanda kinapobadili malighafi, na mwenye gari ndiye huulipia uongo huo.

Tuanze na dinamo, neno linalochekwa sana na wasomi wa ufundi. Dinamo ya magari ya zamani ilitoa umeme wa mkondo mnyoofu kupitia brashi na komuteta. Kuanzia miaka ya 1960 altaneta ikaichukulia nafasi: yenyewe huzalisha mkondo geu, kisha daiodi zilizomo ndani huunyoosha kabla haujafika kwenye betri. Hivyo ni vifaa viwili tofauti vyenye kazi moja. Anayefika gereji akisema dinamo yake haichaji, ilhali gari lake lina altaneta, hajampotosha yeyote, kwa sababu fundi ameelekezwa mahali palepale na tatizo lilelile. Wala kosa hili halikuzaliwa kwetu. Kile kifaa kidogo kinachozungushwa na tairi la baiskeli ili taa iwake, ambacho kila mwendesha bodaboda wa Busia, Malaba na Bungoma alikifahamu kabla pikipiki hazijaitwaa kazi hiyo, kinaitwa dinamo. Ndani yake mna sumaku inayozunguka na kutoa mkondo geu, kwa hiyo kwa kipimo cha kitabu hakistahili jina hilo. Waingereza waliotuletea baiskeli ndio waliokiita hivyo, na bado wanakiita. Haohao huita fedha ya Kijerumani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na hata chembe ya fedha. Anayedhani majina ya gereji yanapotoka kwa sababu fundi wetu hakusoma, basi na aeleze kwa nini waliosoma walipotoka wa kwanza.

Kwenye metali mambo ni mengine. Kiswahili cha pwani kilikuwa na msamiati wake wa kutosha muda mrefu kabla ya reli: chuma, pua kwa chuma kilichokazwa, feleji kwa pua bora ya panga, shaba, bati, risasi. Magharibi mwa Kenya nako hakukuwa kutupu. Wasamia walijulikana kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalisafiri mbali kwa biashara. Wabukusu nao walikuwa na wahunzi wao, waliojua kwa rangi ya moto lini chuma kinafulika na lini kitapasuka. Lakini hazina hizi mbili hazikuingia gereji. Maneno ya pwani yalibaki pwani, kwenye mashairi na katika karakana za mafundi wa huko, na ujuzi wa wahunzi ulibaki ndani ya koo zao mpaka majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoizima mifua. Kijana aliyeajiriwa kwa Mhindi pale Kitale hakurithi chochote kati ya hivyo. Alilopewa ni neno moja, chuma, na neno hilo likabeba kila kitu kigumu, kizito na chenye grisi. Vyembamba vikaitwa bati.

Bati lenyewe ni metali laini inayoyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu. Mabati ya nyumba zetu ni karatasi za chuma zilizofunikwa kwa zinki ili zisishike kutu. Juu ya paa tofauti hiyo haimsumbui mtu, kwa kuwa bati la paa ni jina la kazi: ni kitu cha kuezekea. Likishuka chini ya mikono ya mchomeleaji, jambo linabadilika. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe humtia fundi homa na kutetemeka usiku. Neno bati halimwonyi. Tazama pia Land Rover, gari lililotoka mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma cha karatasi kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Waliolibuni wakaunda sehemu kubwa ya bodi yake kwa mchanganyiko wa alumini. Kwa mwenye kuita karatasi yoyote bati, bodi hiyo haina tofauti na ya lori. Kwa moto, tofauti ni kubwa mno. Chuma huiva chekundu, kisha cheupe, kikimpa fundi muda wa kukadiria. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi: sasa hivi ipo, mara imedondoka, na tundu limebaki.

Hasara kubwa zaidi imo ndani ya injini. Kwa miaka mingi injini ya Toyota iliyozoeleka barabarani, kama ile 5A ya Corolla, ilikuwa na bloku ya chuma cha kalibu, ambacho mafundi wengi hukiita kasti. Injini ya 1NZ iliyofuata, ambayo watu wa Magharibi wanaifahamu kwenye Probox, ina bloku ya alumini. Mafundi na wateja wakaendelea kusema chuma. Kasti ina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, kwa hiyo ni ngumu lakini haipindiki. Ukiichomelea baridi kama stili, hupasuka kando ya mshono inapopoa. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo gari likichemsha kichwa hupinda na gasketi hupoteza mshiko, na bolti iliyokazwa kwa nguvu iliyozoea kasti huondoka na uzi wote wa tundu. Injini hizi mbili zinatofautiana hata kwenye taimingi: 5A hutumia belti, 1NZ hutumia cheni. Bado wapo wenye Probox wanaoagiza belti ya taimingi, na muuzaji spea asiye mwaminifu anaweza kuwauzia chochote.

Wapo watakaojibu kwamba lugha ni ya watumiaji, na kwamba neno likishakubaliwa gereji nzima halina tena haki ya kuitwa kosa. Nalikubali hilo kwa dinamo bila shaka yoyote. Lakini makubaliano huhusu sauti tu. Metali haikuwapo kwenye baraza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba fundi mzuri hahitaji jina, kwa sababu hujua kwa sumaku, kwa tupa, kwa mlio wa nyundo na kwa cheche za jiwe la kunolea. Hayo ni kweli, na ni ujuzi wa kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba kazi ya leo hupita mikono mingi. Anayefungua injini si anayechomelea, anayechomelea si anayechonga kichwa kwenye mashine, na anayetumwa dukani ni spanaboi wa mwezi wa pili. Sumaku ya fundi mkuu haiendi nao. Kinachokwenda ni neno.

Wala sidai tufufue pua na feleji. Mtu wa Webuye akisikia pua atashika uso wake, na stili imekwisha kaa mdomoni mwake. Ninachodai ni tofauti zenyewe ziwe na majina, yawe ya asili au ya kukopa. Kwamba hilo linawezekana bila amri ya mtu, yadi za vyuma chakavu zimekwisha kuonyesha. Biashara hiyo, iliyowekewa Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015 na kusimamishwa kwa muda mwanzoni mwa 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, hutenga kopa na brasi, alumini na kasti, kila moja na bei yake, na kijana asiyewahi kuona darasa la ufundi huzitaja bila kukosea. Gereji za Kitale na Bungoma zinazo sababu kubwa kuliko bei ya kilo. Maneno manne tu, kasti, stili, alumini na zinki, yakiandikwa kwenye karatasi anayopelekewa mchomeleaji na kwenye risiti ya duka la spea, yangeokoa vichwa vingi vya injini vinavyotupwa leo. Na dinamo ingeweza kubaki dinamo.