Buibui si mdudu? Hata Linnaeus angekosa hiyo swali

Nikiwa Form 3 tulipewa karatasi ya picha tano: nzige, buibui, kaa, jongoo na tandu. Chini yake kulikuwa na ufunguo wa utambuzi, ile kitu ya "1a: ana miguu jozi tatu, 1b: ana zaidi ya jozi tatu, nenda hatua ya 2." Mimi sikusumbuka na hatua. Kwa buibui nikaandika "insekta" nikasonga mbele.

Tichaa alisoma jibu langu mbele ya darasa lote. Akasema hata mtoto wa darasa la nne anajua hiyo. Watu walicheka mpaka kengele ikalia. Wakati wa kuchagua masomo nikaacha Bio, na nikisema sababu ilikuwa kitu kingine nitakuwa nadanganya.

Miaka imepita, nimesoma hii historia, na nina hasira kidogo. Kwa sababu hiyo jibu yangu ilikuwa jibu la mtu mkubwa sana.

Kwanza, kwetu nyumbani buibui ni mdudu. Siafu ni mdudu, jongoo ni mdudu, kupe ni mdudu. Hakuna mtu anahesabu miguu. Neno "mdudu" linauliza swali lingine kabisa: ni kidogo, kinatambaa, kinaweza kukuuma?

Sasa cheki Carl Linnaeus, yule Mswidi ambaye karibu majina yote ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu chake cha 1758. Aligawa wanyama wote mafungu sita: mamalia, ndege, amfibia, samaki, insekta na minyoo. Buibui aliweka wapi? Kwa insekta. Kaa naye? Insekta. Si ati hakuona miguu nane, aliiona vizuri tu. Aliamua haitoshi kumtoa. Huyo angekaa na mimi pale nyuma ya darasa, tukichekwa pamoja.

Mtu wa kubadilisha hiyo maneno alikuwa Mfaransa, Jean-Baptiste Lamarck. Alikuwa mwanajeshi, afya ikamtoa jeshini, akaingia kwa mimea. Mwaka wa 1778 akatoa kitabu kuhusu mimea ya Ufaransa, na ndani yake kulikuwa na ile mtindo ya chaguo mbili mbili: ua liko hivi ama vile, chagua moja, endelea, mpaka ufike kwa jina. Na aliandika kwa Kifaransa, si Kilatini. Hapo ndio mimi humpenda. Ufunguo ulikuwa wa mtu wa kawaida aliyeshika ua mkononi na hana profesa karibu. Ulikuwa njia ya kupata jina, na Lamarck mwenyewe alisema wazi kwamba undugu wa mimea ni hesabu nyingine, haufuati hizo hatua.

Halafu 1793, akiwa karibu miaka 50, jumba jipya la makumbusho ya viumbe kule Paris likampa kazi ya "insekta na minyoo". Yaani yale makabati ya wanyama ambao hakuna mkubwa alikuwa anawataka. Mtu wa maua! Akaanza kuangalia moja moja. Buibui hana papasi. Kichwa na kifua vimeshikana. Hapiti ile safari ya kiwavi mpaka kipepeo. Kwa kitabu chake cha 1801 buibui wako na fungu lao wenyewe, araknida, na kaa wametolewa kwa insekta pia. Alikufa 1829, kipofu na maskini.

Kwa hivyo ile "hata mtoto wa darasa la nne anajua" ilichukua zaidi ya miaka 40 baada ya Linnaeus, na mzee aliyekubali kuanza upya. Hakuna mtu alituambia. Tulipewa ufunguo kama amri imeshuka mlimani.

Juzi binamu yangu wa shule ya upili alikuja na karatasi karibu sawa na ile yangu. Tukatoa kupe kwa mbwa wa jirani, tukahesabu: miguu nane. Araknida, safi. Halafu nikamwambia kitu ambacho mimi sikuambiwa: kupe akitoka tu kwa yai ana miguu sita. Ukimpitisha mtoto wa kupe kwa huo ufunguo, hatua ya kwanza tu, utaambiwa ni insekta.

Akaniangalia. "Sasa niandike nini?"

Nikamwambia aandike jozi nne apate maksi yake, halafu hiyo ya mtoto wa kupe aulize tichaa darasani, kwa sauti.

Alisema ataona.