Jina kama Matini: Bendi ya Death na Historia Iliyocheleweshwa
Mhakiki anayeamini kwamba kazi bora hujitafutia yenyewe nafasi yake katika historia hana budi kuitazama bendi ya Death ya Detroit, Marekani. Ndugu watatu, David, Bobby na Dannis Hackney, walipiga roki kali wakati ambapo soko lilimtarajia Mmarekani Mweusi afuate mtindo wa Motown. Baba yao alipofariki, David alilichagua jina hilo ili kifo kitazamwe kwa jicho la heri. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba. Clive Davis alitaka jina libadilishwe, wakakataa. Mwaka 1976 walifyatua wenyewe santuri 500 tu. David alifariki mwaka 2000, na nyimbo hizo saba zikatolewa na Drag City mwaka 2009.

Kwa hiyo, waliosimulia chimbuko la muziki wa panki kabla ya hapo walisimulia, kwa kiasi fulani, historia ya soko. Sisi wahakiki wa fasihi tumo katika hatari iyo hiyo: tunavihakiki vilivyochapishwa, kisha tunaviita jumla ya vilivyotungwa.