Kurejeleza sponji

Hapa Isikizya, Uyui, mto wa kulalia ukichanika hutapika vipande vya sponji vya rangi tatu nne: godoro kuukuu lililokatwakatwa. Utasikia, "Limerejelezwa." Mimi nakataa. Limetumika tena, basi. Kurejeleza kumezaliwa na rejea, neno lenye asili ya Kiarabu la kurudi, na kitu hakijarudi mpaka kifike kilikotoka. Kiwandani, sponji ya poliurethani hupikwa na glaikoli kwenye joto la nyuzi 200 hivi, minyororo yake ikakatika, ikawa ujiuji wa polioli. Uchanganye na isosianati, unaumuka kama unga wa maandazi: sponji mpya. Hapo imerejea. Sufi, mtangulizi wake, tuliianika tu juani, tukaichambua, tukaijaza tena.