Maana na matumizi ya neno ‘want’

KATIKA mahakama za Kisii na Nyamira, shahidi huweza kutoa ushahidi kwa Ekegusii au Kiswahili, mkalimani akafasiri, na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo kitenzi ‘want’ huweza kuzua balaa.

Wengi hukifasiri kuwa ‘taka’. Si kosa, ila maneno hayo hayalingani kila mahali. Lile la Kiingereza lilitokana na lugha ya kale ya Waskandinavia, na maana yake ya awali ilikuwa kukosa au kupungukiwa. Maana ya kutamani ilikuja baadaye.

‘Taka’ nalo lina mambo yake. Tukisema mvua inataka kunyesha, hatudai kwamba mvua ina nia, twasema imekaribia. Vivyo hivyo, ‘nyanya anataka kufa’ ni kauli ya jamaa aliyemleta mgonjwa mahututi zahanatini. Muuguzi akiiandika kwa ‘want’, daktari atakayesoma faili atadhani ajuza huyo anapania kujiua.

Kortini hatari ni kubwa zaidi. ‘Alitaka kuniua’ yaweza kumaanisha alikusudia, au nusura aniue kwa uzembe wa kuendesha pikipiki. Kiingereza chenye ‘want’ hubakisha maana ya kwanza pekee. Kifungu cha 220 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha maisha kwa jaribio la kuua, na kosa hilo husimama juu ya nia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo. Mkalimani huyo, kwa maoni yetu, hana budi kumrudia shahidi: alikusudia, au ilikuwa nusura?

Anayetafutwa na polisi, ambaye Kiingereza humwita ‘wanted’, kwetu ‘anasakwa’. ‘Anatakiwa’ ni mwenye wajibu, kama wa kufika kortini. Mahitaji yana ‘hitaji’, hamu ya moyo ina ‘tamani’, na mezani ‘naomba chai’ ni adabu kuliko ‘nataka’.

Ekegusii hakina sauti ya ‘l’, hivyo mwanafunzi wa Keroka au Ogembo aandikaye ‘niritaka’ husahihishwa papo hapo. Aliyeandika ‘nilitaka kuanguka’, kisha akaitafsiri kwa ‘want’, huenda akapewa alama zote.