Mto Ruiki Ulipoitwa Ulanga

Mwaka 1951 gari la moshi lilitoka ng'ambo ya kushoto ya Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, likaelekea Ponthierville. Reli hiyo ya kilomita 125 ilifunguliwa mwaka 1906 kwa sababu moja tu: meli haziwezi kupanda maporomoko saba ya Boyoma. Mzigo ulishushwa ukingoni, ukapakiwa kwenye behewa, kisha ukarudishwa majini huko juu mto unakotulia. Safari hii abiria hawakuwa wachuuzi wala makarani wa serikali. Walikuwa Humphrey Bogart, mkewe Lauren Bacall, na Katharine Hepburn, waliokuja kutengeneza filamu The African Queen.

Ponthierville sasa ni Ubundu. Jirani na hapo, mahali panapoitwa Biondo kando ya mto Ruiki, wenyeji waliwajengea wageni kambi ya mianzi na makuti, yenye vyumba vya kulala, jiko, mahali pa kulia na baa. Baa haikuwa pambo. Kwa masimulizi ya wenyewe, wengi kambini waliugua tumbo kwa sababu ya maji, isipokuwa Bogart na mwongozaji John Huston, ambao walishika wiski na kuyapa maji kisogo. Hepburn, aliyewakemea kwa ulevi na kunywa maji kwa bidii, aliugua kuliko wengi. Miaka 36 baadaye, mwaka 1987, alitoa kitabu kizima juu ya safari hiyo, na hakuona haya kujicheka.

Siafu nao walivamia kambi. Mashua yenyewe, iliyobeba jina la filamu, ilizama usiku mmoja mtoni, na ikabidi ivutwe juu kwa kamba na nguvu za mikono. Kamera ya Technicolor ya siku zile ilikuwa zigo kubwa lisilotoshea ndani ya mashua ndogo, kwa hiyo mafundi waliunda mfano wa mashua juu ya chelezo, wakaweka kamera kwenye chelezo cha pili na jenereta kwenye cha tatu, kisha msafara wote ukakokotwa taratibu kwenye maji meusi ya Ruiki. Mtazamaji anaona watu wawili peke yao msituni. Nyuma ya kamera palikuwa na kijiji kizima kinachoelea.

Sasa hapa kuna jambo ambalo Mkisangani anayeipenda filamu hii anapaswa kulijua: ndani yake hamna Kongo. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo filamu imeifuata, inasimulia mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nahodha mpenda gini na mmishonari wa kike wanateremka mto Ulanga ili wakailipue meli ya Wajerumani ziwani. Ulanga upo kweli, lakini uko Tanzania, na wengi wanaujua zaidi kwa jina la Kilombero. Hauingii ziwa lolote. Maji yake yanaishia Rufiji. Kwa hiyo Ruiki ulikuwa mwigizaji kama Bogart, na ulipewa jina la mto mwingine.

Kilichomsukuma Forester kuandika ni kisa cha kweli cha Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikaburutwa porini, zikapita mtoni na kwa reli tena mpaka ziwani, karibu na Kalemie ya leo. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikulipuliwa na wapenzi wawili. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwaka 1916. Iliibuliwa, ikapewa jina la Liemba mwaka 1927, na vizazi vya wasafiri wa Kigoma na Mpulungu vimelala kwenye sitaha yake. Kongo basi ilihusika katika kisa halisi, ila kwa upande wa Katanga. Tshopo, mkoa wa Kisangani, iliingia baadaye, kwa mlango wa sinema.

Baada ya Ruiki kikosi cha filamu kilihamia Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba katika Ziwa Albert, ambako kijiji cha misheni kilijengwa ili kichomwe moto mbele ya kamera. Waigizaji walipotakiwa kuingia majini kiunoni, hayo yalipigwa studio karibu na London, kwa kuwa hakuna aliyetaka nyota wake waugue kichocho au wakutane na mamba. Bogart alipata Oscar yake ya kwanza na ya mwisho kwa filamu hii.

Na waliojenga kambi ya Biondo? Katika Kongo ya Wabelgiji, kuanzia mwaka 1945, sheria ilitaka filamu zote za kuonyeshwa kwa Waafrika zipite kwanza kwenye tume ya ukaguzi. Mtu angeweza kukata mianzi, kubeba kamera na kuvuta mashua iliyozama, halafu akahitaji kibali cha tume ili aone kazi ya mikono yake. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1950, karani wa posta wa Stanleyville aitwaye Patrice Lumumba alikuwa akijiundia jina kwa kuandika magazetini na kuongoza vyama vya wasomi wa mji.

Miaka saba baada ya Katharine akaja Hepburn wa pili, Audrey. Hawana undugu, ingawa mazungumzo ya mtaani huwachanganya mara nyingi. Mwaka 1958 mwongozaji Fred Zinnemann alileta Stanleyville kikosi cha The Nun's Story, filamu inayomfuata mtawa muuguzi wa Kibelgiji aliyetumwa Kongo. Safari hii Kongo iliigiza Kongo, na hilo si dogo. Sehemu ya wagonjwa wa ukoma ilipigwa Yalisombo, makazi ya wagonjwa yaliyohudumiwa na hospitali ya Yakusu, mtoni chini ya mji. Yakusu ni misheni ya Wabaptisti tangu miaka ya 1890. Daktari wake, Stanley Browne, alifika mwaka 1936 na kuwa miongoni mwa wa mwanzo Afrika kuwatibu wakoma kwa dapsone, dawa iliyobadilisha kabisa maisha yao. Watawa wa Kikatoliki kwenye skrini walikuwa wageni wa Wabaptisti.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1959, ikatajwa kuwania Oscar nane na kutoka mikono mitupu. Mwezi Oktoba mwaka huo, wakati watazamaji wa Ulaya na Marekani wakitazama Stanleyville tulivu ya watawa weupe, mkutano wa chama cha Lumumba katika mji huohuo uliishia kwa risasi na vifo, naye akatiwa kizuizini. Ukitaka kuona jinsi sinema inavyoweza kupiga picha mahali pasipo kupaona, weka mambo hayo mawili pamoja.

Familia ya Kisangani, iwe ya Mangobo au Makiso, inayotaka kutembelea sehemu hizi kwa siku moja itabidi ichague. Ruiki hauingii katika siku moja. Ni lazima kuvuka hadi Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kwa mtumbwi wa injini, na treni ya Ubundu haina ratiba ambayo mtu angewaahidi watoto. Atakayekwenda kwa pikipiki afunge na mfuko wa kulalia. Yakusu inawezekana, kwa kutoka asubuhi na mapema na kurudi kabla ya giza. Wengi huishia kwa wavuvi wa Kiwagenia, na hawajakosea. Wanapanda toleka, baiskeli zinazobeba watu mji mzima, hadi kwenye maporomoko ambapo magogo makubwa yamesimikwa kwenye miamba na vikapu vya mdomo mpana vimening'inizwa kuyangoja maji. Msafiri Henry Morton Stanley alizikuta kazi hizo mwaka 1877, na zinaendelea. Baada ya hapo lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki, na mtoto aulize Bogart alisimama wapi.

Afadhali aulize pia kuhusu Dieudo Hamadi. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984, na filamu zake kadhaa zimepigwa kwenye mitaa ambayo familia hiyo inaipita kila siku. Examen d'État ya 2014 inawafuata wanafunzi wanaojifungia kwenye nyumba ya kujisomea, makii kama wanavyoiita, wakisubiri mtihani wa taifa. Maman Colonelle ya 2017 iko na ofisa wa polisi wa kike anayehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kuwalinda wanawake na watoto. En route pour le milliard, ya 2020, inapanda meli pamoja na walemavu wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, Rwanda na Uganda zilipopigana mjini, wakiteremka mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Kongo kuteuliwa rasmi na tamasha la Cannes. Humo mto unaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo Biondo na Yalisombo bado zina deni. Vitabu vya Hepburn na wenzake vimehifadhi kila kikohozi cha wageni, lakini waliofunga mianzi, waliopika, waliopiga kasia na wagonjwa waliosimama mbele ya kamera hawana kitabu. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 kikosi cha Zinnemann kilipofika amekwisha kuvuka 80. Mwenye babu au nyanya wa Ubundu au Yakusu, amuulize Jumapili hii, na simu iwe inarekodi.