Kilichokuwa Nyuma ya Mwenye Picha: Historia ya Picha za Filamu Bukoba na Muleba

Picha nyingi za filamu zilizopigwa Bukoba na Muleba, wilaya za mkoa wa Kagera kando ya Ziwa Victoria nchini Tanzania, katika karne ya 20 zilikusudiwa kuhifadhi sura za watu, yaani maharusi, mtoto aliyepata kipaimara, mwanafunzi aliyehitimu au ndugu aliyerudi kutoka mbali, lakini kadiri miaka inavyopita, thamani yake ya kihistoria inazidi kuonekana katika vitu ambavyo mpiga picha hakuvitilia maanani: ufukwe wa ziwa, meli iliyotia nanga, baraza la duka, mgomba na paa la nyumba vilivyotokea nyuma ya mwenye picha. Sehemu kubwa ya mandhari hayo imebadilika au imetoweka kabisa, na katika familia nyingi ushahidi pekee uliobaki ni karatasi ndogo iliyomo ndani ya albamu au sanduku la nguo.

Picha ya filamu hupigwa kwa mkanda uliopakwa utando wa jelatini wenye chumvi za madini ya fedha, ambazo hubadilika zinapopigwa na mwanga. Mkanda huo ukisafishwa kwa dawa hutoa negativu, yaani taswira iliyogeuzwa ambamo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe, na kutokana na negativu moja picha nyingi za karatasi huweza kuchapwa. Kabla ya mkanda kuenea, kazi hiyo hiyo ilifanywa kwa sahani za vioo, ambazo zilikuwa nzito, zilivunjika kwa urahisi na zilihitaji wapagazi wa kuzibeba.

Kamera za wageni

Wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliofika katika ufalme wa Karagwe kwa Mkama Rumanyika mwaka 1861, walianza safari yao Zanzibar wakiwa na vifaa vya kupigia picha, na Grant alipiga picha kadhaa huko, lakini kazi ya kutayarisha na kusafisha sahani ndani ya hema dogo lenye joto kali ilimdhoofisha hata vifaa hivyo vikarudishwa. Kwa sababu hiyo, mandhari ya makao ya mkama, jina wanalotumia Wahaya na Wanyambo kwa mfalme wao, yalihifadhiwa na wageni hao kwa michoro ya mkono tu.

Hali ilibadilika Wajerumani walipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, kiongozi wa msafara wao. Franz Stuhlmann, mwanasayansi aliyefuatana naye, alichapisha Berlin mwaka 1894 kitabu kikubwa kuhusu safari yao, na mwaka 1907 msafara wa kisayansi wa mwanamfalme Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg, uliokuwa na mwanaanthropolojia Mpolandi Jan Czekanowski miongoni mwa wataalamu wake, ulianzia Bukoba safari yake ya kuelekea Rwanda na Kongo, kisha kitabu cha Adolf Friedrich cha mwaka 1909 kikawafikishia wasomaji wa Ulaya picha nyingi za nchi hizo. Wamisionari nao, wakiwamo Wamisionari wa Afrika waliojulikana kama Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na Waluteri wa Bethel waliofika mwaka 1910, walipiga picha kwa ajili ya majarida na wafadhili wao.

Picha hizo zilichagua mada kulingana na mahitaji ya wenye kamera, na ndiyo maana ngome, bendera, makanisa na wakama vimeonyeshwa kwa wingi, ilhali mvuvi, mchuuzi na mama aliyekuwa shambani huonekana pembeni bila jina. Hata hivyo, pembeni huko ndiko kuna hazina. Mwezi Juni 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliishambulia Bukoba kutoka ziwani, wakaharibu ngome na kituo cha simu ya upepo pamoja na mnara wake mrefu, hivyo picha yoyote ya ufukwe iliyopigwa kabla ya shambulio hilo inaonyesha mji ambao haukurudi tena. Nyingi kati ya picha za aina hii zimo katika hifadhi za Ulaya, mojawapo ikiwa ile ya Chuo Kikuu cha Frankfurt yenye picha zipatazo 55,000 za enzi ya ukoloni wa Kijerumani, mbali na wakazi wa sehemu za Muleba kama Kamachumu na Rubya.

Kahawa, maduka na chumba cha giza

Kupiga picha kulianza kuwa jambo la wenyeji pale fedha za kahawa zilipoanza kuzunguka. Bei ya kahawa ilipanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima, Bukoba Native Co-operative Union (BNCU), kiliundwa mwaka 1950, wakati ambapo mitaa ya biashara ya Bukoba ilikuwa imejaa maduka yenye baraza yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Katika pwani ya Afrika Mashariki studio zilikuwa zimeota mizizi zamani, kwa kuwa A. C. Gomes alifungua yake Zanzibar katika miaka ya 1860 na Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio hapo hapo mwaka 1930. Kwa mji wa ziwani kama Bukoba, ambao kwa miongo mingi bidhaa zake zilipitia reli ya Mombasa hadi Kisumu na kisha kwenye meli, utaalamu na vifaa vya kupigia picha vilifika kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa.

Kazi ya mpiga picha wa wakati huo ilitegemea chumba cha giza, yaani chumba kidogo kilichozibwa kila upenyo wa mwanga. Filamu ilisafishwa katika giza totoro, kisha karatasi, ambayo haidhuriwi na taa nyekundu, iliwekwa chini ya mashine ya kukuzia, ikapigwa mwanga kupitia negativu na kutumbukizwa katika sinia la dawa ya kwanza, ambamo ndani ya dakika moja au mbili macho, nywele na mstari wa ziwa vilianza kujitokeza juu ya weupe wa karatasi. Sinia la pili lilisimamisha kazi ya dawa hiyo, na la tatu lilikuwa na haipo, yaani dawa ya kuondoa chumvi za fedha ambazo hazikupigwa na mwanga, baada ya hapo karatasi ilioshwa kwa maji mengi. Mpiga picha aliyeharakisha uoshaji, kwa uchache wa maji au kwa msongamano wa wateja, aliacha mabaki ya haipo ambayo baada ya miaka huigeuza picha kuwa ya rangi ya hudhurungi, na ubora wa kazi yake unaweza kupimwa hadi leo kwa kutazama weupe wa pembe za karatasi.

Filamu za rangi zilipoenea, mpango huo wa chumba cha giza ulivunjika. Utaratibu wa kuzisafisha unaoitwa C-41, ulioanza kutumika mwaka 1972, hudai joto lisilopanda wala kushuka, kwa hiyo mpiga picha wa kijijini alimaliza mkanda wake wenye nafasi 36 na kuupeleka mjini kwenye mashine, kisha akarudi kuwagawia wateja picha zao. Uhaba wa bidhaa kutoka nje, uliozidi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulifanya kila nafasi ya mkanda kuwa ya thamani, na watu walisimama wima, wakatulia, wakavaa nguo zao bora kwa sababu kosa halikuwa na marudio ya bure.

Ziwa, meli na nyumba

Mandhari ya nyuma ya picha hizo yanaweza kusomwa kama hati. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 ziliinua kina cha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili hadi mwaka 1964, na mwaka 2020 maji yalipanda tena hadi kiwango cha rekodi, hivyo picha mbili za familia zilizopigwa katika ufukwe wa Nyamukazi au karibu na mdomo wa mto Kanoni, mjini Bukoba, moja kabla ya 1961 na nyingine baada yake, zinaweza kuonyesha ufukwe uliomezwa. Picha za mialo, yaani sehemu ambazo mitumbwi huteremsha samaki, katika visiwa vya Muleba kama Bumbire, Goziba na Ikuza, zinaonyesha aina za samaki waliovuliwa kabla sangara, aliyeletwa ziwani katikati ya karne ya 20, hajatawala nyavu na biashara.

Meli nazo zimebaki katika picha. MV Victoria ilianza kusafiri mwaka 1961, na MV Bukoba, iliyoanza kazi mwaka 1979, ilipiga safari kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza hadi ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na mamia ya abiria. Kwa familia zilizopoteza ndugu siku hiyo, picha ya gatini iliyopigwa kwa ajili ya kuagana imegeuka kuwa kumbukumbu ya mtu na ya chombo kwa pamoja.

Nchi kavu ilipata pigo lake tarehe 10 Septemba 2016, wakati tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipoua watu wasiopungua 17, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimepiga picha mbele ya majengo hayo bila kudhani kwamba siku moja mpangilio wa madirisha na matao yake ungetafutwa katika albamu zao.

Vijijini, mandhari ya kawaida ni kibanja, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba, lenye migomba, kahawa na miti ya matunda. Picha za zamani zinaonyesha msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, ikisimama jirani na nyumba ya kwanza ya bati, na zinaonyesha migomba iliyostawi kabla ya ugonjwa wa mnyauko kuenea Kagera katika miaka ya 2000. Ni katika mkoa huu ambamo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, na kwa watoto waliofiwa na wazazi wakiwa wachanga, picha iliyopigwa mlangoni pa nyumba iliwaonyesha sura ya mama na kibanja walichorithi.

Wajibu wa kuhifadhi

Kampuni ya Kodak, mtengenezaji mkubwa wa filamu, iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012, lakini vijana katika nchi nyingi wamerudia filamu, na filamu yake ya Ektachrome, iliyokuwa imeachwa, ilitengenezwa upya mwaka 2018. Kwa Bukoba na Muleba, kazi ya haraka zaidi kuliko kupiga picha mpya ni kuokoa negativu zilizokwisha kupigwa, kwa sababu Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo huotesha ukungu juu ya jelatini, hugandisha negativu zilizobanana na huharakisha kuoza kwa mikanda ya asetati, ambayo dalili yake ya kwanza ni harufu ya siki.

Tiba yake iko ndani ya uwezo wa familia, shule na parokia: kuzitoa negativu katika mifuko ya plastiki iliyofungwa, kuziweka katika bahasha za karatasi mahali pakavu penye hewa, kuzinakili kwa skana na, juu ya yote, kuandika kwa penseli nyuma ya kila picha jina la mtu, la mahali na mwaka wakati wazee wanaozitambua wangali hai. Makumbusho ya Kagera mjini Bukoba, ambayo huonyesha vifaa vya jadi pamoja na picha za wanyamapori, yanaweza kupokea nakala za picha za masoko, mialo na mabaraza kwa heshima ile ile, na hapo historia ya mwambao huu itaweza kuandikwa kwa ushahidi wa wenyeji wenyewe.